Maisha ya Papa Polycarpe Kabamba, na Maria Aliyetembea Nyumba kwa Nyumba

Padri wetu, masista, wazee mliotoka Liège, Lille na Paris, wamama wa Rozari, majirani wa Ixelles na wa Saint-Josse, na ninyi wa Kipushi na wa Bukavu mnaotusikiliza kwa simu, tunawasalimu wote katika jina la Bwana aliyekufa na kufufuka. Familia imeomba historia hii isomwe polepole. Wiki hii yote, katika ukumbi wa kilio na kwenye simu, limezunguka neno moja, kwamba mjane, Maman Pétronille, alimtoa nyumbani Maria wa picha, na kwa kumtoa Maria akamtoa na mume wake. Neno hilo limefika mbali, limefika hata Kipushi, na kutoka Kipushi limeturudia kama amri, kwamba mjane asitupe udongo wa kwanza kaburini. Kwa hiyo tutasoma maisha ya ndugu yetu kwa utaratibu wake na kwa tarehe zake, na tunaomba kila mmoja azisikilize tarehe hizo.

Papa Polycarpe Kabamba alizaliwa Kipushi, katika Katanga, tarehe 26 Januari 1954, siku ambayo kalenda ya Kanisa ya wakati ule ilimkumbuka Mtakatifu Polikarpo, na ndiyo maana padri wa parokia hakuwauliza wazazi wanataka jina gani, alimpa lile la siku. Alikuwa mtoto wa tatu wa Papa Banza, mfanyakazi wa mgodi, na Maman Mujinga, aliyeuza maharagwe sokoni, na wote wawili wametangulia mbele ya Bwana. Katika watoto wa nyumba ile amebaki mmoja tu, mdogo wake Bienaimé, anayeishi Liège, ambaye wengi wenu mnamwita Tonton Bienaimé na ambaye yuko hapa pamoja nasi.

Alianza shule ya msingi ya parokia Septemba 1960, mwaka wa fujo, madarasa yakifungwa na kufunguliwa kadiri askari walivyopita, na akaimaliza mwaka 1966. Aliendelea na masomo ya sekondari Lubumbashi, akapata diploma yake mwaka 1972, akafundisha hesabu kwa muda, halafu akapewa nafasi ya kuja kusoma Ubelgiji. Alifika Brussels tarehe 9 Oktoba 1974, akiwa amevaa koti aliloazimwa na mwalimu wake, koti ambalo alilirudisha kwa posta mara alipopata la kwake. Alisoma ufamasia katika chuo kikuu cha mji huu, akamaliza mwaka 1980.

Kwa miaka tisa alifanya kazi katika maduka ya dawa ya watu wengine, na tarehe 3 Aprili 1989 alifungua la kwake huko Saint-Josse, karibu na soko, katika mtaa ambapo kila mlango una lugha yake. Pale alijifunza Kituruki cha kutosha kumweleza bibi mzee namna ya kumeza vidonge vyake, na wagonjwa waliokuja na karatasi ya daktari bila kuielewa walibaki wamesimama mbele ya meza yake mpaka waielewe. Watu walimwita Papa Pharmacien. Alifunga duka hilo mwisho wa Juni 2019, alipostaafu.

Alikutana na Pétronille Nabintu, binti wa Bukavu aliyekuwa akisomea uuguzi, kwenye misa ya Pasaka ya mwaka 1983. Ujumbe wa posa ulikwenda Bukavu mwaka huo huo, na tunajua kwamba haukwenda kwa furaha ya wote, maana upande wetu wa Katanga kulikuwa na waliosema, na Tonton Bienaimé alikuwa wa kwanza, "Polycarpe, wasichana wa Kipushi walikwisha?" Yeye alijibu kwamba hawakukwisha, ila yeye alikuwa amekwisha kuchagua. Ndoa takatifu ilifungwa hapa Ixelles tarehe 14 Julai 1984. Mungu aliwapa Michelle, aliyezaliwa tarehe 12 Februari 1986, na Noé, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1988, na baada ya Noé ikafuata miaka ya mimba kuharibika, moja baada ya nyingine, jambo ambalo wengi wenu hamkulijua, kwa kuwa Maman Pétronille alikwenda kazini siku iliyofuata na hakusema.

Sasa tuseme habari za picha, kwa sababu bila hizo picha hakuna atakayeelewa mwisho wa maisha yake.

Mwezi wa Septemba 1985 wawili hao walikwenda kuhiji Roma pamoja na parokia, na basi lao likaharibika katika mji wa Siena, wakangoja huko mpaka kipuri kilipopatikana. Maman Pétronille alikuwa na mimba ya Michelle, miguu imevimba, akakaa kwenye benchi la kanisa, na mumewe akazunguka peke yake akitazama picha za kale za watakatifu, zilizochorwa juu ya mbao miaka mia sita au mia saba iliyopita, ambazo nyuma ya mtakatifu hazina mti wala nyumba wala wingu, ni dhahabu tupu. Alirudi kwenye benchi akamwambia mkewe kwamba watu hawa hawakuchora anga, walichora mbinguni kwenyewe. Tangu siku ile moyo wake ulishikwa na haukuachiliwa.

Mwaka 1993 alianza kuzikusanya. Alikwenda kwenye minada, alikwenda kwa wauzaji wa vitu vya kale pale Sablon, na kwa kuwa hakuwa tajiri alichukua zile ambazo matajiri waliziacha, mbao zilizoliwa na wadudu, Mtakatifu Antoni aliyebaki na nusu ya uso, malaika aliyekatwa kwa msumeno kutoka kwenye picha kubwa ya altare, Mtakatifu Lusia mwenye nyufa tangu kichwa mpaka miguu. Hakuzipeleka kutengenezwa. Alizitundika kwenye ukumbi wa nyumba yake, kutoka mlangoni mpaka jikoni, na mgeni aliyeingia kwake alipita katikati ya watakatifu kabla ya kupewa kiti. Wako waliomcheka, wakisema kwamba mtu mweusi mwenye akili angenunua kiwanja Lubumbashi. Yeye aliwajibu kwamba kiwanja hakimwombei mtu.

Mwezi wa Novemba 1996 alimleta nyumbani Bikira Maria ambaye ninyi nyote mnamfahamu. Alimnunua kwa muuzaji mmoja wa Sablon, karatasi zikiwa kamili na mihuri yake, na hakuwa na sababu ya kushuku. Alikuwa ubao usiozidi sinia ya kubebea mikate, Maria amevaa nguo ya bluu ambayo kwa uzee imekuwa kama nyeusi, Mtoto ameshika ndege mdogo, na kwenye kona ya chini, upande wa kulia, kuna mahali palipoungua mshumaa. Maman Pétronille, ambaye mpaka hapo aliwavumilia tu watakatifu wa mumewe kama mtu anavyovumilia wageni wa muda mrefu, alipiga magoti mbele ya huyu. Tarehe 19 Novemba 1997, baada ya miaka tisa ya machozi, akajifungua Hadassa. Kwa hiyo msimshangae kwa alivyompenda.

Na ninyi wamama wa Rozari mnakumbuka yaliyofuata. Maman Myriam, mwenye saluni katika Galerie d'Ixelles na kiongozi wa kikundi, alisema kwamba kule nyumbani kila parokia ina Maria anayetembelea familia, juma hili kwa huyu, juma lijalo kwa yule, na haifai Maria wa Papa Polycarpe akae amefungiwa kama pesa ya benki. Papa Polycarpe alikataa kwanza, akaeleza habari ya joto, ya baridi, ya mbao inayopasuka. Maman Myriam akamwuliza, "Papa, ulimununua kwa kumuangalia ao kwa kumuomba?" Akakubali, na Mei 1999 Maria akaanza kutembea. Alitembea amefungwa katika kitenge, ndani ya kikapu cha soko, akapanda bus 71 na metro kama sisi sote, akalala Saint-Josse, akalala Molenbeek, akakaa juma zima katika saluni kati ya kaski za kukaushia nywele, na wamama wakasali rozari huku wakisukwa. Bwana mmoja mtaalamu wa picha, aliyekuja kuwatazama wale watakatifu wengine, aliposikia kwamba kuna mmoja hayupo kwa sababu amepanda bus, alikaa chini akaomba maji. Lakini ubao haukupasuka, na wamama wakampa jina, Mgeni.

Mwezi wa Mei 2022, Mgeni akiwa pale saluni, Hadassa alimpiga picha kwa simu akawatumia mashangazi wa Bukavu wapate kusali pamoja. Kule Bukavu picha ikapita mikononi mwa watu mpaka ikamfikia Sista Ornella, mtawa Mwitalia ambaye amehudumia wagonjwa huko tangu ujana wake na sasa ni mzee. Sista aliitazama ile kona iliyoungua, akaomba namba ya Brussels. Alimwambia Papa Polycarpe, kwa Kiswahili cha Bukavu kilicho safi kuliko cha watoto wetu wa hapa, "Papa, huyu Maria ni wa kwetu. Nilipokea komunyo ya kwanza mbele yake. Ule moto ni wa sakristani wetu, aliangusha mushumaa akilia mutoto wake aliyekufa. Wezi walimubeba mwaka wa 1971. Mimi siombi kitu, papa, nakuambia tu."

Ni kijiji cha milimani, katika Italia ya kati, na wenyeji wake wametuomba tusikitaje kwa jina, maana bado wanaogopa wezi.

Papa Polycarpe alimwambia mkewe siku ile ile. Alikwenda pia kwa mwanasheria, na mwanasheria akamhakikishia kwamba alinunua kwa nia njema, kwamba miaka imepita mingi, na kwamba hakuna mahakama itakayomnyang'anya. Watu walidhani maneno hayo yangemtuliza. Hayakumtuliza. Alianza kupita katika ukumbi wake akiwatazama wale wengine pia, yule malaika, yule Antoni, na kuuliza kwa sauti wametoka wapi, nani aliyewakata, na katika kanisa gani kuna ukuta unaowangoja, kwa sababu, alisema, hakuna aliyechora picha hizi kwa ajili ya sebule ya mtu. Miaka karibu thelathini aliwakusanya kwa upendo, na sasa upendo ule ule ukawa unamchoma. Akaamua kumrudisha Maria kwao. Maman Pétronille akakataa. Alimwambia, "Hadassa ulimupata wapi? Ni ule mwanasheria njo alikupatia?" Na kwa miezi mingi nyumba ile iliyojaa watakatifu haikuwa na amani.

Tarehe 17 Januari 2023 madaktari walimkuta na kansa ya kongosho. Akaanza matibabu. Mgeni akaacha kutembea, Maman Pétronille akamweka mbele ya kitanda cha mumewe na hakutaka atoke tena, na kila juma ambalo mgonjwa aliamka akanywa chai yake alilihesabu kwamba ni Maria aliyempa. Naye mgonjwa, kila alipomtazama Maria, aliona mali ya watu. Walikuwa wanatazama picha moja, mume na mke, katika chumba kimoja, mmoja anapata nguvu na mwingine anakosa usingizi.

Tarehe 21 Desemba 2023 daktari aliwaita wote wawili, na Michelle akiwepo, akawaeleza kwamba dawa zimeacha kufanya kazi, kwamba zitasimamishwa, na kwamba kilichobaki ni miezi michache, labda pungufu. Tunairudia tarehe hiyo, tarehe 21 Desemba. Siku hiyo Maria alikuwa bado mbele ya kitanda.

Tarehe 2 Februari 2024, siku ya Bwana kutolewa Hekaluni, Papa Polycarpe aliita familia, akasema kwamba karatasi za serikali za kuisafirisha picha zimekwisha kukamilika na kwamba anataka Maria afike kwao kabla yeye hajafa. Tonton Bienaimé alikuwapo na amekubali yasomwe aliyoyasema, nayo ni haya kwa kaka yake, "Yaya, vitu vya bankambo yetu, wale wazee wa zamani, viko hapa hapa. Panda tram mpaka mwisho wa line, utavikuta mu musée nyuma ya vioo, na watoto ya masomo wanavionyesha kidole. Vile nani amerudisha? Alors weye njo utaanza?" Papa Polycarpe alikuwa amelala, akaomba ainuliwe kwa mito, akamjibu, "Njo maana, Bienaimé. Kama sisi hatujue vile inauma, nani atajua?" Na Tonton Bienaimé akaacha kubisha, ingawa wote tunaomjua tunajua kwamba si kawaida yake.

Lakini Maman Pétronille hakukubali. Siku iliyofuata, mumewe akiwa hospitalini kwa uchunguzi, alimfunga Maria katika kitenge chake, akampeleka kwa Maman Myriam, na Maman Myriam akamficha nyuma ya saluni, chini ya mifuko ya nywele za kusuka. Mgonjwa alirudi akakuta nafasi tupu mbele ya kitanda chake. Hakugombana. Aliomba nguo, akamwomba Hadassa aite teksi, na mtu huyo ambaye alikuwa hawezi kupanda ngazi akaenda mpaka Galerie d'Ixelles, akaingia saluni iliyojaa, akakaa kwenye kiti chini ya kaski. Maman Myriam akajaribu kucheka, "Papa Pharmacien, umekuja kusuka?" Naye akajibu, "Nywele gani, maman? Si unaona dawa ilimaliza yote?" Wanawake wakacheka, halafu wakaona namna koti linavyoning'inia mabegani mwake, na kicheko kikakatika.

Akawaeleza. Aliwaambia kwamba katika kile kijiji kuna wamama, wazee sasa, ambao tangu mwaka 1971 wanasali rozari mbele ya picha ya karatasi iliyobandikwa mahali Maria alipokuwa, na kila Jumamosi wanaibadilishia maua hiyo karatasi. "Ni wamama kama ninyi," alisema. "Wana goti zenye kuuma kama zenu. Ninyi mumekuwa naye miaka makumi mbili na tano, na karatasi imebaki kwao." Maman Myriam alikwenda nyuma mwenyewe, akatoa mifuko, akamleta Maria akamweka magotini pa mgonjwa.

Maman Pétronille alikuwa amekwisha kuitwa, akafika akihema. Alisimama mlangoni akamwambia mbele ya wote, na hatufichi, "Papa Michelle, akitoka huyu, na weye utatoka nyuma yake." Ndugu zetu, maneno yanayozunguka wiki hii yalizaliwa pale, katika mdomo wa mke aliyeogopa, kisha wengine wakayachukua wakamgeuzia. Lakini waliosikia hayo walisikia pia jibu, na jibu halikuzunguka. Papa Polycarpe alimwambia, "Nitatoka, Maman Michelle. Akiwa hapa, nitatoka. Asipokuwa, nitatoka. Lakini usiniache nitoke na kitu cha watu mukononi." Maman Pétronille aliketi kwenye kiti cha wateja akafunika uso kwa mikono, na karibu naye mwanamke mmoja alikuwa bado amekaa, nywele zake zimesukwa nusu.

Katika teksi ya kurudi, mgonjwa alimshika Hadassa mkono akamwambia kwamba hata yeye anaogopa, hata yeye hajui kama mkewe hasemi kweli, na kwamba asimwambie mama yake. Hadassa ametupa ruhusa kulisema leo, kwa sababu baba yake hakuwa mtu wa chuma.

Baada ya Pasaka mgonjwa akaomba neno la mwisho, kwamba amrudishaye Maria awe Maman Pétronille na si mwingine, akasema kwamba kitu cha namna hii hakirudishwi na anayekichoka, kinarudishwa na anayekipenda. Kwa Maman Pétronille ilikuwa kumwacha mume anayekufa, asijue kama atamkuta hai. Aliitika. Tarehe 6 Aprili 2024, siku ya Jumamosi, waliondoka kwa gari la Noé. Kasha maalumu lilikuwa limeletwa, lenye sponji na kufuli, na Maman Pétronille akakubali kwa sharti moja, Maria aingie humo akiwa na kitenge chake.

Jumatatu, tarehe 8 Aprili, ambayo mwaka huu ndiyo iliyokuwa sikukuu ya Malaika Gabrieli kumpasha Maria habari, Maria akarudishwa ukutani kwake. Wazee wa kijiji walimpa Maman Pétronille benchi la mbele, na padri wao akamwomba amweke kwa mikono yake, naye amesimulia mwenyewe kwamba mikono ilikataa kumwachia, padri akangoja, kanisa zima likangoja, mpaka bibi mmoja aliyepinda mgongo akaja akasimama ubavuni pake na kushika ubao upande wa pili. Wakamtundika wawili. Huku Brussels Papa Polycarpe alitazama yote kwenye simu ya Hadassa. Aliwaona wale wabibi wakipanga mstari, wakigusa ile kona iliyoungua na kulia. Alisema, "Tazama, mwanangu, alikuwa na kwao." Halafu akampigia mkewe akamwambia asirudi mbio, akae, ale pamoja nao.

Maman Pétronille alirudi tarehe 10 Aprili na kumkuta hai. Siku zilizobaki hazikuwa rahisi, maumivu yaliongezeka, na kuna wakati alitazama mahali Maria alipokuwa akamtafuta. Hatutasema kwamba alikufa bila hofu. Lakini alimwomba mkewe amsimulie kijiji kile tena na tena, barabara yake, kengele yake, yule bibi, na alipokuwa akisikiliza hakuomba dawa. Aliwaagiza watoto wawatafutie makwao wale watakatifu waliobaki, mmoja mmoja, hata kama itachukua maisha yao, na wasiopatikana kwao wapelekwe mahali panaposaliwa. Alipokea Mpako Mtakatifu tarehe 15 Aprili, na Alhamisi, tarehe 18 Aprili 2024, alasiri, akakata roho nyumbani kwake, kichwa chake kikiwa mkononi mwa Maman Pétronille, akiwa na umri wa miaka sabini. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na ndugu mmoja.

Ndugu zetu, mmesikia tarehe. Dawa zilisimama Desemba na Maria akaondoka Aprili. Maria aliondoka kwa sababu Papa Polycarpe aliomba, akaomba miaka karibu miwili, na mkewe ndiye mtu wa mwisho kukubali. Familia ya Kabamba haina neno juu yake. Hatusemi kwamba wote wamelipokea hilo, maana jana tulizungumza na Kipushi na simu ikakatwa kabla hatujamaliza, na hatujui kama ni mtandao au ni hasira. Lakini tuliopo hapa, tuliomfumba macho na kumvisha, tumeamua. Leo makaburini udongo wa kwanza utatupwa na Maman Pétronille Nabintu, mke wake, na atakayemshika mkono mpaka ukingoni ni Tonton Bienaimé, kwa ombi lake mwenyewe Bienaimé. Asiyekubali anaweza kubaki mbali kidogo, hatutamfukuza, tunamwomba tu anyamaze mbele ya kaburi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, na hasa wale wauguzi wa nyumbani waliokuja hata siku ya Pasaka. Tunawashukuru majirani waliopanda ngazi na sufuria za supu bila kuulizwa, wafanyakazi wenzake wa zamani wa duka la dawa ambao leo wameomba ruhusa kazini ili waje, wafamasia wenzake, padri na parokia yetu, Maman Myriam na wamama wa Rozari, ambao walimuaga Mgeni wao kwa nyimbo na hawajaacha kulia. Tunamshukuru Sista Ornella aliyeko Bukavu. Tunawashukuru watu wa kile kijiji, waliopiga kengele yao siku ya Alhamisi walipopata habari, na ambao leo, saa hii hii, wako kanisani kwao wakimwombea mtu wa Kipushi ambaye hawakumwona kwa macho. Na wote ambao hatukuwataja, mtusamehe, kichwa cha mfiwa hakishiki yote.

Papa Polycarpe, ndugu yetu, baba yetu, sisi tunaobaki bado hatujatulia, tuombee mbele ya Bwana. Wewe pumzika, pumzika sasa kwa amani.